Je, Wajua? Kikombe kimoja cha dawa, sita vya maji

Ebola ilifika Jinja, Uganda, Novemba 2022. Mlipuko wa Januari 2025 nchini humo nao ulipogunduliwa, mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshapitia mji wa Mbale akitafuta matibabu. Silaha ya kila siku dhidi ya Ebola ni klorini, lakini huzimuliwa kwa hesabu. Gawanya nguvu uliyo nayo kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Jik, dawa ya klorini, ya 3.5% ikihitajika iwe 0.5% ya kusafishia sakafu: 3.5 ÷ 0.5 = 7; toa 1, zabaki 6. Kikombe kimoja cha dawa, sita vya maji. Ukitia saba, nguvu hushuka hadi 0.44%. Ya kunawia mikono, 0.05%, hutaka vikombe 69!