Je, Wajua? Slaidi za Kuombea Mtaji

Je, wajua kwamba mwekezaji humaliza slaidi zako chai yake ikiwa bado ya moto? Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, pamoja na Profesa Tom Eisenmann wa Harvard, ilichunguza kampuni changa 200 zilizokuwa zikitafuta mtaji. Wastani wa muda wa kusoma ulikuwa dakika 3 na sekunde 44. Kurasa zilizotazamwa zaidi ni za fedha, timu na washindani.

Je, wajua kwamba mwaka 2008 Brian Chesky na wenzake wa Airbnb waliomba dola 150,000 kwa asilimia 10 ya kampuni, wakatambulishwa kwa wawekezaji 7, watano wakakataa na wawili wakanyamaza? Mwaka uliofuata walipata dola 600,000, kampuni ya uwekezaji ya Sequoia ikiwa mbele. Slaidi zao za awali zinafaa kusomwa na kila mwenye wazo. Ukurasa wa kwanza una sentensi moja tu: kodi chumba kwa mwenyeji badala ya hoteli. Mapato nayo yako wazi: kamisheni ya asilimia 10. Lakini ukurasa wa maana kuliko yote ni wa ushahidi. Badala ya kusifia soko, walihesabu matangazo ya vyumba vya muda kwenye tovuti ya matangazo ya Craigslist, San Francisco na New York, kwa wiki moja: 17,000. Watu walikuwa tayari wanafanya jambo hilo, tena kwa shida. Anayetaka kuwahudumia wenye maduka ya Kariakoo naye aende akahesabu, aone wanavyoagiza mzigo na wanapokwama.

Je, wajua kanuni ya 10/20/30 ya mwekezaji Guy Kawasaki? Slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua pointi 30. Hiyo ya herufi ndiyo huvunjwa sana, na ndiyo yenye faida kubwa: nafasi ikibana, utachagua la kusema.

Je, wajua kwamba LinkedIn ilipoomba mtaji kwa kampuni ya uwekezaji ya Greylock mwaka 2004 haikuwa na mapato yoyote? Ilipata. Mwaka 2013 mwanzilishi mwenza wake, Reid Hoffman, alizichapisha slaidi hizo pamoja na maelezo yake, na yeyote anaweza kuzisoma bure.

Je, wajua kwamba slaidi ambazo YouTube iliwaonyesha Sequoia mwaka 2005 zilifika hadharani kupitia mahakama, katika kesi ya Viacom dhidi ya Google, mmiliki wa YouTube? Kila takwimu unayoiandika, iandike ukijua kuwa siku moja wakili anaweza kuisoma kwa sauti.