Mwimbaji Anayetunga: Safari Kutoka Nyimbo za Kukopi Hadi Wimbo Wenye Jina Lake

Katika kumbi nyingi za muziki wa dansi nchini, onesho huanza kwa nyimbo za watu wengine. Kabla ukumbi haujajaa, mwimbaji mchanga wa bendi hupewa kipaza sauti ili aimbe vibao vilivyokwisha kupendwa miaka 20 au 30 iliyopita, naye huviimba kama vilivyorekodiwa, hata mahali pa kuvuta pumzi. Wanamuziki huita kazi hiyo kukopi. Wapo wanaoidharau, lakini ndiyo shule iliyowalea watunzi wengi wa Tanzania. Humo kijana hujifunza namna ubeti unavyokabidhi zamu kwa kiitikio, wakati gitaa la solo linapotakiwa kuipisha sauti, na sababu ya wasikilizaji kunyanyuka vitini kwa wimbo mmoja na kubaki wameketi kwa mwingine.

Wengine hupitia kwaya za makanisani, kasida za madrasa au ngoma za kijijini. Kwa vyovyote vile, hufika siku ambayo mwimbaji huyo anataka kusimama mbele ya watu na wimbo alioutunga mwenyewe. Siku hiyo ana kazi mbili mkononi, na sheria inazitambua kila moja kwa nafasi yake: ni mtunzi mwenye hakimiliki ya maneno na sauti za wimbo, na ni mwimbaji mwenye hakishiriki katika namna anavyouwasilisha. Wengi wanaijua hiyo ya pili kwa sababu ndiyo inayolipwa usiku uleule. Ile ya kwanza, ambayo huweza kulisha familia kwa miongo kadhaa, ndiyo inayopotea kwa urahisi.

Historia ya muziki wa nchi hii inaonesha jambo hilo waziwazi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alizunguka akiuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuingia katika taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri za nyimbo za Kiswahili, na jina lake likavuka bahari. Katika zama za bendi zilizofuata, jina la mtunzi mara nyingi lilifunikwa na jina la bendi. Vyombo vya muziki vilikuwa ghali, hivyo aliyevimiliki, awe jumuiya, shirika la umma au mfanyabiashara, ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, na kufika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alipata umaarufu mkubwa baadaye akiwa na Super Matimila, bendi iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Hata hivyo, nyimbo zake kuhusu umaskini, kifo na hali ya mnyonge zilikuwa na mkono wake dhahiri kiasi kwamba wasikilizaji walimtaja yeye kwanza, bendi baadaye. Mwaka 1989 alirekodi albamu nchini Uingereza iliyompeleka kwenye majukwaa ya nchi nyingi.

Si kila mtunzi aliyefanikiwa kujitokeza hivyo. Katika miaka hiyo kurekodi kulifanyika zaidi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo ulipotangazwa, msikilizaji alitajiwa bendi. Kanda za kaseti zilipoenea, nakala zilidurufiwa madukani na kuuzwa pasipo mtunzi kujua idadi yake. Ndiyo maana hadi leo baadhi ya familia zinaweza kuimba utunzi wa baba yao neno kwa neno, lakini hazina karatasi inayoonesha kuwa ulikuwa wake.

Leo vyombo si kikwazo kikubwa kama zamani. Kijana anaweza kuanza na simu, gitaa moja au biti aliyotengenezewa na prodyuza wa mtaani. Wanaotaka mafunzo rasmi wana Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kwa upande wa Zanzibar kuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, kilichofungua milango mwaka 2002 na kufundisha udi, kanuni, fidla na uimbaji wa taarabu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao hutoa mikopo na mafunzo kwa wasanii. Ugumu sasa umehamia studio. Mwimbaji huingia na maneno yake, prodyuza akaweka mdundo na kupendekeza kiitikio, rafiki aliyewasindikiza akaongeza mistari minne. Wimbo ukikaa kimya, hakuna anayeuliza. Ukipendwa, kila mmoja anakumbuka mchango wake, na kumbukumbu hizo hazilingani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inatoa msingi wa kumaliza mabishano hayo. Kwa sheria hiyo, haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoundwa, wala haisubiri cheti. Wazo tupu halilindwi. Mtu aliyesimulia kibarazani kwamba angependa kutunga wimbo kuhusu bodaboda hawezi kumzuia mwenzake kuutunga. Kinacholindwa ni wimbo wenyewe, maneno yake na sauti zake. Mtunzi ana haki za kiuchumi, kama vile kuruhusu kazi yake inakiliwe, itangazwe au ipigwe hadharani, na ana haki ya kimaadili ya kutajwa kuwa mtunzi na kupinga kazi yake isipotoshwe.

Ikiwa haki huanza bila cheti, usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) una faida gani? Faida yake ni ushahidi. Kazi iliyosajiliwa ina tarehe, ina jina la mtunzi na ina nakala iliyohifadhiwa. Pia ni vigumu kumfikishia mtu mirabaha ikiwa haijulikani wimbo ni wa nani. Baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, ukusanyaji na ugawaji wa mirabaha unaweza kufanywa na taasisi za wenye haki wenyewe zilizopewa leseni, chini ya usimamizi wa COSOTA. Usajili wa msanii kama mtu anayefanya kazi ya sanaa ni jambo jingine, nao hufanyika Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Wasanii wengi huchanganya vyombo hivi viwili, wakidhani aliyesajiliwa kimoja amemaliza kote.

Kabla ya kurekodi, karatasi moja inatosha kuepusha kesi ya miaka. Iandikwe nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, nani ametengeneza mdundo na kila mmoja ana fungu gani, kisha wote watie saini na tarehe. Karatasi hiyo iandikwe siku ileile, wakati watu bado wanacheka pamoja. Mkataba wa kampuni au meneja usomwe hadi ukurasa wa mwisho, hasa sehemu inayoeleza kama mtunzi anatoa ruhusa ya matumizi kwa muda au anahamisha haki zake moja kwa moja. Maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sura, lakini yanatofautiana kama kupangisha nyumba na kuiuza.

Anayechukua wimbo wa jadi aliofundishwa na bibi yake naye ana la kuzingatia. Nyimbo za jadi si mali ya mtu mmoja, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji idhini ya BASATA. Mwimbaji anayeongeza beti zake juu ya wimbo wa namna hiyo anamiliki alichoongeza, si wimbo wote.

Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mtunzi aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga peke yake zinalindwa hadi mwaka 2029. Za Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, zinalindwa hadi mwaka 2045. Warithi wa mtunzi yeyote aliyefariki wanaotaka kufuatilia haki zake wanapaswa kwanza kupata barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha kuifikisha COSOTA pamoja na cheti cha kifo, orodha ya nyimbo na chochote kinachothibitisha utunzi: daftari lenye mwandiko wake, jalada la santuri lenye jina lake, au mkataba wa zamani uliobaki kabatini.