Mbegu ya Ami na Mbegu ya Dukani

Jamaa zangu, mliofika shambani kwetu Batina sikukuu iliyopita mliushuhudia ugomvi wetu wa mbegu. Kwa kuwa umekwisha salama, nauandika ili watoto nao wapate faida.

Ugomvi ulikuwa wa alfalfa, majani ya mifugo ambayo huku Oman huitwa qatt. (Vijana wa Uingereza, msidhani nasema mirungi!) Ami yetu hupanda mbegu ya kienyeji aliyoirithi kwa baba yake. Mdogo wangu alinunua mbegu ya CUF 101, iliyozalishwa California, akataka jaruba zote zipandwe hiyo.

"Ami, niwie radhi, mbegu yako imechoka."

Ami akamjibu: "Waulize mbuzi."

Mimi mwalimu mstaafu nikafanywa kadhi. Tukapanda jaruba mbili siku moja, maji na samadi sawasawa. Siku ya kukata, matita ya mbegu ngeni yalikuwa marefu na mazito, nami nikaitangaza mshindi palepale. Jioni Ami alinishika mkono akanipeleka kwenye hori. Mbuzi walikuwa wamechagua majani, mabua mazima wameyaacha. Kumbe mdogo wangu aliiacha jaruba yake ikachanua yote ndipo akaikata, lakini ya Ami ilikatwa mapema. Hukumu yangu ilikuwa batili, na niliona haya.

Mkato uliofuata tulikata zote mara maua ya kwanza yalipotokeza. Tukakausha kabla ya kupima, maana zaidi ya robo tatu ya uzito wa majani mabichi ni maji. Kisha tukatenga majani na mabua, kwa sababu protini nyingi imo katika majani, na ua likishakomaa bua huwa gumu. Mbegu ngeni ilizidi kidogo kwa uzito. Ya Ami ilizidi kwa majani. Basi tofauti kubwa tuliyoiona mara ya kwanza haikuwa ya mbegu, ilikuwa ya siku ya kukata.

Hata hivyo mbegu ngeni si ya kudharau. Mwaka 1977 vidukari wa alfalfa waliingia Australia wakaangamiza mashamba mengi, na CUF 101 ni katika mbegu zilizozalishwa ili kuwastahimili wadudu hao. Kwa hiyo tumezibakisha zote mbili.

Lililonitia hofu ni jingine. Mbegu ya dukani ikiisha, twaenda dukani. Ya Ami ikiisha, twende wapi? Kati yetu sote hakuna aliyejua kuitunza: kuiacha jaruba bila kukata mpaka vitumba vigeuke rangi ya kahawia, kuvipura, kupepeta. Mikono ya Ami sasa yatetemeka. Msimu huu mjukuu wake wa kike alikaa naye siku tatu, akapura yeye, Ami akielekeza.

Mbegu imo ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati jikoni. Atakayehitaji aje achukue, ila aniahidi kwamba ataipanda.