Tuchunge neno ‘injili’ linapotoka kanisani na kuingia siasani

Msikilize padri akiongoza misa, mtangazaji wa redio akitambulisha wimbo na mwanasiasa akiomba kura. Huenda wote watatu wakatumia neno ‘injili’, na kila mmoja akawa na lake. Katika makala hii, nafafanua maana za neno hili na pale ambapo matumizi yake hupotosha.

Asili ya ‘injili’ ni neno la Kigiriki, ‘euangelion’, lenye maana ya habari njema. Kiswahili hakikulipokea moja kwa moja kutoka huko, bali kupitia Kiarabu, ‘Injil’. Katika Uislamu, Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, na hutajwa pamoja na Taurati, Zaburi na Kurani. Kwa Wakristo, Injili ni ujumbe wa wokovu, na vilevile ni kila kimojawapo cha vitabu vinne vya mwanzo vya Agano Jipya: Mathayo, Marko, Luka na Yohana.

Kwa hivyo, majirani wawili wa Mombasa, Mwislamu na Mkristo, wanaweza kulitaja neno hilo hilo huku mmoja akikusudia kitabu kimoja na mwingine vinne. Mwandishi anayewaandikia wote wawili hana budi kubainisha anakusudia ipi. Aidha, si sahihi kuita Biblia nzima ‘Injili’. Kitabu cha Mwanzo kimo katika Biblia, lakini si Injili.

Neno hili limezaa mengine. ‘Mwinjili’, hasa katika matumizi ya Wakatoliki, ni mmoja wa wale waandishi wanne: Luka Mwinjili, kwa mfano. ‘Mwinjilisti’ ni mtu anayezunguka akihubiri, na kazi yake ni ‘uinjilisti’. Tuna pia ‘uinjilishaji’ na kivumishi ‘-a kiinjili’, kama katika jina Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kumwita mhubiri wa mtaani ‘mwinjili’ ni kumpandisha cheo asichokiomba!

Katika muziki, ‘nyimbo za injili’ ni nyimbo za Kikristo. Vijana husema ‘gospo’, na katika soga hakuna ubaya. Ila tusizichukulie ‘nyimbo za injili’ na ‘nyimbo za dini’ kuwa visawe. Kaswida ni za dini, lakini si za injili.

Nje ya dini, neno hili limekuwa sitiari ya ujumbe unaoenezwa kwa bidii. Mathalani: ‘Chifu alieneza injili ya amani’ au ‘Afisa wa kilimo anahubiri injili ya kuhifadhi maji’. Huu ni upanuzi wa maana, jambo la kawaida katika lugha yoyote hai. Hapa hutumiwa herufi ndogo, tofauti na Injili ya kitabu, ambayo huanza kwa herufi kubwa.

Utata huletwa na kile kijineno kidogo, ‘-a’ unganifu. Katika ‘Injili ya Mathayo’, ‘ya’ hurejelea mwandishi. Katika ‘injili ya amani’, hurejelea maudhui. Sasa, ‘injili ya gavana’ ni ipi? Ni ile anayoihubiri gavana, au ile wanayoihubiri wapambe wake kumhusu? Msomaji hawezi kujua. Ni heri kuandika ‘ujumbe ambao gavana anaueneza’.

Zaidi ya hapo, wapo wanaoandika ‘injili ya chuki’ na ‘injili ya ukabila’. Mwandishi akikusudia kejeli, na muktadha ukaionyesha kejeli hiyo, sina ugomvi naye. Bila hivyo, neno ambalo kiini chake ni habari njema linakuwa vazi la heshima linalovikwa uovu. Nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007 haifai kuipamba chuki hata kwa bahati mbaya. Uchochezi na uitwe uchochezi.

Kosa jingine ni tafsiri sisisi. Kiingereza kina usemi unaohusisha injili na ukweli usiopingika, na baadhi yetu huuhamisha neno kwa neno: ‘Huo ni ukweli wa injili.’ Kiswahili hakijapungukiwa hivyo. Tunasema ‘kweli tupu’, ‘ukweli mtupu’ au ‘hilo halina shaka’. Anayeyameza maneno ya kiongozi bila kuuliza tunasema ‘ameyaamini mia kwa mia’. Hapana haja ya kusema ‘ameyachukua kama injili’.

Neno halichakai kwa kutumiwa sana, bali kwa kutumiwa ovyo. Kabla ya kuandika ‘injili’, jiulize: ni ya nani, inahusu nini, na je, kweli ni habari njema? Ukikosa jibu, andika ‘ujumbe’, ‘wito’ au ‘kampeni’. Maneno hayo yapo tele.