Anayenunua shangingi kuukuu aonyeshwe daftari lake

Kwa miaka mingi sasa tumeona jambo moja likijirudia miongoni mwa watumishi wa umma, wa Bara na wa Visiwani pia. Mtumishi akikaribia kustaafu, au akipata mkopo wa benki unaokatwa katika mshahara, fikra yake ya kwanza huwa ni nyumba, na ya pili ni gari. Gari lenyewe si lile dogo la kumpeleka sokoni na kumrudisha, bali ni gari la fahari: Land Cruiser VX, Prado, Toyota Crown, Mercedes-Benz, na kwa wenye moyo mkubwa zaidi, Range Rover. Kwa kuwa bei ya gari jipya la namna hiyo haifikiki kwa mshahara wa halali, hununuliwa lililokwisha kutumika. Hatuna ugomvi na tamaa hiyo. Mtu aliyelitumikia taifa kwa miaka thelathini ana haki ya kukalia kiti cha ngozi. Tunalotaka kulijadili leo ni kama gari hilo litamfikisha aendako, na nani anayepaswa kumsaidia kulijua hilo kabla hajatoa fedha zake.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba suala hili halikuwapo katika miaka ya 1970. Wakati ule gari la mtu binafsi lilikuwa jambo la kibali na fedha za kigeni, na katika miaka ya uhaba wa mafuta hata aliyekuwa nalo hakuruhusiwa kuliendesha Jumapili baada ya saa nane mchana. Afisa wa mkoa alipanda Land Rover ya Serikali, akala vumbi kama wengine. Mambo yalibadilika mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Magari yakaanza kuingia kutoka Dubai, baadaye kwa wingi zaidi kutoka Japani. Lugha nayo ikafuata. Wenye magari makubwa, ambao Afrika Mashariki nzima ilikuwa imezoea kuwaita Wabenzi, wakapata jina jipya la gari lao, shangingi, neno ambalo mitaani lilikuwa la mwanamke aliyejikwatua na mwenye kuujua mji. Aliyelihamisha neno hilo kutoka kwa mtu hadi kwa gari alikuwa na macho, kwani alikwisha kuona kwamba uzuri wa nje na gharama za ndani hutembea pamoja.

Majirani zetu wameamua kuweka ukomo. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataa magari yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania Bara ilichagua njia ya kodi: gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada, na lililozidi miaka 10 hutozwa zaidi. Hatulaumu uamuzi huo, maana umewawezesha watu wengi wa kipato cha chini kupata usafiri. Lakini maana yake ni kwamba mzigo wa kulipima gari kuukuu umeachwa mabegani mwa mnunuzi, naye mara nyingi si fundi.

Tumeuchagua Mkoa wa Singida kuwa mizani ya jambo hili, kwa sababu mkoa huu hausamehe gari dhaifu. Mji wa Singida uko katika kimo cha mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 240, na kwenda Arusha kupitia Babati ni zaidi ya kilomita 300. Lami ni nzuri, na uzuri wake humshawishi dereva kwenda mwendo ambao rejeta kongwe haiwezi kuuvumilia. Anayeelekea Nzega na Mwanza hukutana na mteremko wa Sekenke, ambako breki hupata mtihani, kisha mbuga ya Wembere na joto lake. Akiacha lami kuingia vijiji vya Mkalama, Ikungi au Itigi, hupokewa na vumbi jepesi linalopenya kila tundu na kuziba chujio la hewa kabla ya siku zake. Na gari likiharibika, swali la kwanza huwa kama fundi wa karibu ana kifaa cha kusoma kompyuta yake. Mafundi wa Singida ni hodari wa chuma na mafuta. Watashusha giaboksi chini ya mwembe na kuirudisha. Lakini gari lenye kompyuta kadhaa zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe halitibiwi kwa nyundo na spana peke yake.

Hapa ndipo tunapopenda kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya kwa makusudi, yaani fahari na uimara. Tuchukue mfano wa springi. Mercedes-Benz za daraja la juu tangu mwaka 1998, na Range Rover zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2012, hukaa juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa. Likiwa jipya, gari hilo huelea barabarani kama jahazi lililopata pepo nzuri. Likifikisha miaka kumi na tano, mpira wa mifuko hupasuka, hewa huvuja usiku, na asubuhi mwenye gari hulikuta limekaa chini kama ngamia aliyekataa safari. Springi ya chuma ikivunjika huko Kiomboi, hupatikana nyingine au huchongwa ya kushikiza. Mfuko wa hewa hauna mbadala wa namna hiyo.

Hata Toyota, ambayo wengi wetu tumeifanya kuwa jina jingine la uimara, yataka kuulizwa ni ipi. Prado nyingi zilizotengenezwa kuanzia 2000 hadi 2015 zilifungwa injini ya dizeli ya lita 3 iitwayo 1KD-FTV. Ni injini nzuri na yenye nguvu, ila nozeli zake huchoka, na asiyezibadilisha mapema huweza kuunguza pistoni. Crown Athlete ya lita 2.5, inayopendwa sana na vijana wa mjini, ina injini ya 4GR-FSE inayopuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Vali zake hujaa masizi, na gari huanza kutetemeka likiwa limesimama. Magari ya dizeli ya karibuni zaidi, hasa ya Ulaya, yana chujio la kunasa masizi ya moshi. Yaliundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kufikia sehemu 50 tangu Januari 2015, hatua ya kusifiwa, lakini mnunuzi ajue kwamba chujio lile lilizoea chakula kingine.

Jambo la bei linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote. Gari la fahari hushuka bei haraka sana. Mtu huona gari lililouzwa kwa fedha nyingi mno huko Ulaya sasa linapatikana kwa bei ya gari dogo lenye miaka michache, akadhani amepata bahati. Anachosahau ni kwamba bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka. Kompresa ya gari hilo, taa yake ya mbele, kompyuta ya giaboksi yake, vyote bado vinauzwa kwa kipimo cha mtu aliyelinunua likiwa jipya. Mwenye kwanza alilijua hilo, ndiyo maana akaliuza.

Mafuta nayo yahesabiwe. Afisa anayekwenda Dodoma kwa shughuli zake na kurudi Singida huendesha kilomita 480. Kwa gari la silinda nane linalokwenda kilomita 6 kwa lita, atatumia lita 80. Kwa gari dogo linalokwenda kilomita 14, lita 35 zinamtosha. Azidishe tofauti hiyo kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, au ZURA kama yuko Zanzibar, halafu alinganishe na pensheni, wala si na mshahara wa sasa.

Kuhusu kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, tunashauri zisomwe kama ushahidi wa shahidi mwenye maslahi. Japani gari hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka 3 ya kwanza na kila miaka 2 baadaye, na likipelekwa mnadani hupewa karatasi yenye alama za hali yake pamoja na kilomita zake. Gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa hupewa herufi R. Karatasi hiyo huwapo, mnunuzi aidai. Muuzaji akisema imepotea, tutazame mambo yasiyodanganya kwa urahisi: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya kiti upande wa dereva, ung'avu wa usukani. Gari la kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma. Namba ya usajili nayo isimpofushe mtu. Wako wanaoringia namba E kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa, ilhali herufi hiyo yaeleza siku gari liliposajiliwa hapa nchini. Lenyewe laweza kuwa liliundwa mwaka 2005. Redio isiyoshika vituo vyetu na sauti ya Kijapani inayomwamuru dereva wa Singida apinde kushoto ni kero ndogo. Tunazitaja kwa kuwa wako wanaozitengeneza hizo kwanza na kuiacha rejeta.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana adui wa ziada, naye ni chumvi. Gari lililokaa miaka kumi karibu na bahari huliwa kuanzia chini, kwenye mabomba ya breki, maungio ya springi na pembe za chesisi, huku rangi ya juu ikimeremeta. Hali ni hiyo hiyo kwa magari yaliyotoka sehemu za kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kwa hiyo afisa wa Visiwani anayehamishiwa Bara, naye ataka kuvusha gari lake kwa meli na kulifikisha Singida, alilaze fundi chini ya gari kabla ya safari, na aulize mapema masharti ya ushuru na kibali kwa gari lenye namba ya Zanzibar. Vivyo hivyo mtu wa Bara anayevutiwa na bei ya Darajani au Mwanakwerekwe. Kutu hupigwa rangi nyeusi na kufichwa kwa dakika chache. Bisibisi kali ikigongwa kidogo kwenye chesisi huifichua kwa dakika moja.

Tunafika sasa kwenye jambo linalowahusu moja kwa moja wakuu wa idara na watunza mali za Serikali. Magari ya umma yenye namba za STK, SM na SU yakichakaa hupigwa mnada, nayo ndiyo mashangingi ambayo mwananchi wa kawaida wa mkoani hupata nafasi ya kuyanunua. Masharti ya mnada yanajulikana: gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Hatupingi sharti hilo, kwani Serikali si muuza magari na haiwezi kutoa dhamana. Lakini tunaona kasoro moja. Gari la Serikali, tofauti na gari lolote la mtu binafsi, linatakiwa kuwa na daftari la safari na jalada la matengenezo. Kila mara lilipopelekwa kwa ukaguzi TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005 kwa kazi hiyo, karatasi iliandikwa. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa mnadani angeweza kuwa mnunuzi mwenye habari nyingi kuliko wote nchini. Badala yake huoneshwa gari limesimama uani, kioo kimefunikwa na vumbi, tairi moja haina upepo, na hupewa saa chache za kulizunguka.

Wakati huohuo wapo wanaolijua gari lile ndani na nje: dereva aliyeliendesha, afisa aliyelipanda, karani aliyepitisha hati za malipo ya gereji. Wao wanajua kama giaboksi ilibadilishwa mwaka jana au kama injini imekuwa ikinywa oili tangu safari ile ya Manyoni. Hatusemi kwamba wote hutumia elimu hiyo vibaya. Tunasema kwamba mnada ambao mtu mmoja ana jalada kichwani na mwingine ana macho tu si mnada wa haki, na Hazina nayo hupata hasara, maana mwenye mashaka hutaja bei ya mashaka hata kwa gari zuri.

Dawa yake si ghali. Tangazo la mnada liongezwe mistari michache kwa kila gari: mwaka lilipoundwa, kilomita zilizomo katika daftari la safari, matengenezo makubwa ya miaka mitatu ya mwisho, na kasoro inayojulikana. Nakala ya jalada iwekwe mezani siku za ukaguzi. Mnunuzi aruhusiwe kuja na fundi wake asubuhi, injini ikiwa baridi, liwashwe mbele yake, moshi uonekane. Gari lisilowaka litangazwe kuwa haliwaki. Na mshindi akikabidhiwa funguo, akabidhiwe na daftari, kwani kwa Serikali daftari hilo limemaliza kazi, lakini kwake yeye, pale gari litakapoanza kuchemka kilomita mia kutoka kwa fundi anayelijua, litamwambia ni lini rejeta ilizibuliwa mara ya mwisho.