Kamera Iingiayo Maji

Katika bonde la Malolo, wilaya ya Kilosa, watu hulima vitunguu na mpunga kwa maji ya mifereji yatokayo mto Mwega. Kila mkulima wa huko aijua tabia ya maji. Jioni huacha mfereji wake mzima. Usiku kaa huchimba tundu dogo ukingoni, lisilozidi unene wa kidole. Asubuhi ukingo umebomoka, na shamba la chini halikupata hata tone. Maji hayachoki kutafuta njia, wala hayaoni haya kupita mahali padogo.

Maji hayo ya Mwega hayakai Malolo. Huteremka mpaka Ruaha Mkuu, nao Ruaha huyapeleka Rufiji, penye bwawa kubwa la Julius Nyerere, na mwisho wake ni baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Mto huchukua rutuba ya bara mpaka huko, na katika maji yenye rutuba hustawi uduvi na dagaa. Uduvi ndio chakula cha samaki mkubwa kuliko wote duniani, yaani papa potwe, ambaye huweza kupita mita 12 kwa urefu naye hana habari ya kumla mtu. Karibu na Kilindoni huonekana hasa tangu Oktoba hata Februari, akiogelea juu juu kinywa wazi, mara nyingine kando ya nyavu za wavuvi.

Potwe ana madoa meupe mgongoni na mbavuni. Wakenya humwita papa shilingi, kana kwamba mtu amemmwagia fedha. Wala madoa hayo si pambo tu. Hakuna potwe wawili wenye madoa yaliyopangwa namna moja, kama vile hakuna watu wawili wenye alama moja za vidole. Basi wataalamu huingia majini, humpiga picha ubavuni, nyuma ya mashavu, na hasa upande wa kushoto, kisha hulinganisha picha hiyo na zile za miaka iliyopita. Hesabu waitumiayo ilibuniwa kwanza na wanajimu kwa kulinganisha picha za nyota. Ilipofika mwaka 2005 ikatumiwa kwa madoa ya potwe. Kwa picha za namna hii, pamoja na vyombo vidogo vya sauti walivyofungwa samaki wenyewe, ilijulikana kwamba potwe wengi wa Mafia hawasafiri mbali msimu ukiisha, ila huondoka juu ya maji wakakaa mahali wasipoonekana kwa urahisi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo picha moja ya ubavu wa potwe ni kama jina lake lililoandikwa daftarini. Kamera ikiingia maji, jina lile hupotea, na pengine samaki yule asionekane tena karibu mwaka mzima.

Kamera ya kawaida haiwezi kuzamishwa. Hutiwa ndani ya kasha gumu la plastiki au la madini, lenye kioo mbele ya lenzi, na mpiga picha hubonyeza vitufe kwa nje. Kasha hilo hushindana na uzito wa maji. Mwanafunzi atakaye kuuona uzito huo na achukue kopo tupu, alitoboe matundu matatu, moja juu ya jingine, kisha alijaze maji. Tundu la juu hutoa maji kwa ulegevu; la chini huyarusha kwa nguvu, kwa kuwa limebeba maji yote yaliyo juu yake. Baharini ni vivyo hivyo. Katika kina cha mita 10, kila sentimita moja ya mraba husukumwa na uzito upatao kilo 1, kuzidi ule wa hewa. Basi kioo chenye sentimita 10 kwa 10 husukumwa na karibu kilo 100, yaani gunia zima la mpunga limekalia dirisha dogo kama kiganja.

Mtu wa kwanza kupiga picha chini ya bahari aliyaona hayo mara moja. Aliitwa William Thompson, mwanasheria wa Uingereza. Mwaka 1856 alishusha kamera kwa mti katika ghuba ya Weymouth, kiasi cha mita 5 na nusu. Bahari ikapenya ndani ya sanduku lake. Mfaransa mmoja, Louis Boutan, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1893, alitumia akili nyingine: aliunganisha sanduku na mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kamera ilipozama, maji yaliuminya mfuko, hewa yake ikaingia sandukuni na kusukumana na bahari kutoka ndani.

Makasha ya siku hizi hayana mfuko wa namna hiyo. Hutegemea kitu kidogo mno, yaani pete ya mpira, ambayo Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark, alipewa hati yake Marekani mwaka 1939. Pete hiyo hukaa katika kijifereji kilichochongwa ukingoni mwa kasha, na mfuniko huibana. Ikiwa safi na nzima, maji hayapiti. Lakini unywele mmoja ukilala juu yake, au chembe moja ya mchanga, papo hapo pana njia, kama tundu la kaa katika mfereji wa Malolo.

Hapa pana jambo ambalo huwadanganya wengi. Aliyeliona lile kopo atadhani kwamba hatari iko kilindini tu. Naam, kilindini kasha bovu laweza kupasuka. Lakini mara nyingi kamera huvuja karibu na uso wa maji. Sababu yake ni kwamba maji mengi yakiisukuma pete, huilaza vizuri upande mmoja wa kijifereji chake, nayo huzidi kuziba. Juu juu, msukumo ni mdogo, na pete iliyokaa vibaya hubaki imelegea. Tena mtu akijitupa kutoka chomboni na kamera mkononi, kishindo cha maji chaweza kuisogeza. Potwe naye huogelea juu juu. Basi mwenye kumfuata hana ruhusa ya kusema, "Siendi mbali chini, kamera yangu i salama." Ni afadhali ateremke polepole, apewe kamera yake baadaye na aliyebaki chomboni, aitazame kwanza chini ya maji kama inatoa mapovu mfululizo.

Lakini si kila ukungu katika kioo ni maji ya bahari. Mtu akifunga kasha katika joto la pwani, hufungia na unyevu wa hewa; akiingia katika maji baridi, unyevu ule hugeuka umande juu ya kioo, kama pumzi ya mtu juu ya kioo cha kujitazamia. Umande hutanda sawasawa wala haukusanyiki. Maji yaliyopenya hukaa chini na kutembea kila kasha ligeuzwapo. Dawa ya umande ni kufunga kasha mahali pakavu penye ubaridi, na kutia ndani kifuko cha chembe za silika, mfano wa vile viwekwavyo katika maboksi ya viatu vipya.

Dawa ya kuvuja hufanyika nchi kavu, tena mapema. Mwenye kamera huitoa pete kwa kidole au kwa kitu butu, kamwe si kwa sindano wala kisu, maana mkwaruzo mmoja waiharibu. Huipitisha taratibu kati ya vidole ili kusikia kama ina mchanga au ufa. Hukifuta kijifereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha huipaka pete mafuta yake maalumu, kidogo sana, ing'are tu. Watu hudhani mafuta ndiyo yazuiayo maji, wakayapaka kama wapakavyo siagi, sivyo. Kazi yake ni kuifanya pete iteleze isijikunje, na yakizidi hunasa mchanga. Halafu kasha hufungwa tupu, na ndani yake karatasi laini, likazamishwa katika beseni kwa nusu saa. Karatasi ikilowa, ni heri ya karatasi.

Na ikiwa maji yamekwisha kuingia? Mpiga picha huielekeza lenzi chini, ili maji yajikusanye katika kioo cha mbele, mbali na betri, akapanda. Lakini avutaye hewa ya chupa asipande kwa haraka wala asizuie pumzi, kwa maana mapafu yake yaweza kupasuka, na hayo hayauzwi dukani. Akifika chomboni, hukausha kasha kwa nje kwanza, ndipo hulifungua, uso wake ukiwa kando, kwani betri iliyolowa yaweza kupata moto. Hutoa betri upesi. Hajaribu kuiwasha kamera "aone kama ni nzima". Kujaribu huko ndiko kumeziua kamera nyingi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa. Chumvi hiyo hula madini hata baada ya maji kukauka. Kwa hiyo kamera iliyojaa maji ya bahari huoshwa kwa maji baridi safi, bora yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa, hukaushwa kivulini, kisha hupelekwa kwa fundi.

Wengine husema chombo kilicholowa kizikwe katika mchele. Malolo mchele haukosekani, lakini shauri hilo si jema: mchele hauvuti maji kama watu wadhanivyo, na vumbi lake huingia ndani. Kampuni ya Apple, watengenezaji wa simu, waliwaonya watu juu ya jambo hilo mwaka 2024.

Mara nyingi kamera haiponi, lakini picha hupona. Ndivyo ilivyokuwa kwa Thompson: sanduku lilijaa bahari, walakini alipokishughulikia kioo chake cha picha aliona, kwa hafifu, mawe na mwani. Siku hizi picha hukaa katika kadi ndogo kama ukucha. Kadi hiyo hutolewa, husuuzwa chumvi yake, huachwa siku moja au mbili ikauke kabisa, kisha hutiwa katika kompyuta. Na ubavu wa kushoto ukiwa umo, madoa yake yaweza kuhesabiwa, na potwe yule akaandikwa daftarini.