Bustani ya Kioo Mukuru kwa Reuben

Wengi wetu wa pwani tukilisikia jina la Mukuru kwa Reuben twakumbuka vyumba vya mabati vilivyobanana karibu na viwanda vya Nairobi, wala hatufikirii bustani. Hata hivyo bustani niliiona huko kwa macho yangu, ndani ya tangi la kioo la lita 20, katika chumba cha futi 10 kwa 10 cha mpwa wangu afanyaye kazi kiwandani. Tangi lilikuwa na umri wa wiki tatu. Samaki wanne wadogo walikuwa wazima, lakini majani ya mimea yalikuwa yakioza.

“Mjomba,” akaniuliza, “niing’oe niitupe?”

Nikamwambia hasha! Na si kwa ajili ya uzuri wa mimea. Mukuru maji hununuliwa kwa mtungi. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru upesi, huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha katika tangi jipya. Katika muda huo asiye na mimea hana budi kumwaga na kujaza mara kwa mara, na kila kujaza ni pesa. Mmea mzima huila amonia yenyewe. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza habari hii: aliweka kiooni samaki, mmea wa valisineria wenye majani kama utepe, na konokono wa kula majani yaliyooza, na wote wakaishi.

Basi kwa nini majani yaoze? Aghalabu wauzaji huiotesha mimea hii majani yakiwa nje ya maji. Ikizamishwa, majani yale ya zamani hufa, na mapya yanayofaa majini huchipuka. Mwenye pupa huing’oa siku chache kabla ya chipukizi. Dawa ni kukata yaliyooza tu, maana yakiachwa huongeza amonia, na kuiacha mizizi itulie. Tulipochungulia kwa tochi, machipukizi mawili yalikuwa yamekwisha kutokeza.

Anubiasi, mmea wa mito ya misitu ya Afrika Magharibi, una tabia nyingine: shina lake lilalalo likifukiwa mchangani huoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Mpwa wangu alikuwa amelifukia, tukalifukua.

Mchanga wa mtoni ulioshwa mpaka maji yatoke meupe watosha. Usimpelekee jamaa yako wa bara mchanga wa pwani wala makombe, kwani vina chokaa. Ukitaka kujua, dondosha siki: ukitoa mapovu, uache. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Na mbolea ya shambani isikaribie tangi kabisa; DAP ina amonia, itawaua samaki kabla mmea haujashiba.

Mwanga ndio wenye mzozo. Chumba kile hakina dirisha la maana, hivyo balbu ndogo hufanya kazi ya jua. Saa 6 hadi 8 kwa siku zatosha. Mpwa wangu alikuwa akiiacha ikiwaka usiku kucha, akidhani anaisaidia mimea, kumbe alikuwa akiulisha ule utelezi wa kijani, ndugu mdogo wa mwani wetu, uliokwisha kukitambaa kioo.

Sasa hubadili lita 5 kwa wiki. Maji yanayotoka hayamwagwi: yana nitrati, na sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia mlangoni yaipenda mno.

Nilimkataza jambo moja kwa ukali kidogo, nalo latuhusu sisi wa pwani. Vipande vya mimea visitupwe mtoni. Mto Ngong upitao Mukuru humwagikia mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao huku kwetu twauita Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini kaskazini ya Malindi. Gugumaji lililolisonga Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilileta Afrika kwa kulipenda ua lake. Vipande vyake mpwa wangu huvianika juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha huvifukia kwenye lile gunia.